Radi Inapochoma Ghala la Shamba: Mwongozo Kamili kwa Familia ya Mkulima

Katika wilaya ya Kiryandongo, nchini Uganda, mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa kuanzia Julai, huanikwa, hupukuchuliwa na kuingizwa ghalani mnamo Agosti, na mwezi huohuo mawingu ya mvua za pili huanza kujikusanya kila alasiri. Kwa hiyo ghala huwa limejaa pomoni wakati uleule ambao radi ni nyingi. Wilaya yetu inayajua madhara ya radi kuliko nyingi: mnamo Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, na upande wa kaskazini, mnamo Novemba 2024, watu 14 walipoteza maisha katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Vifo vya watu hutangazwa redioni. Maghala yanayoungua hayatangazwi, ijapokuwa familia inaweza kupoteza kwa usiku mmoja chakula cha mwaka mzima, mbegu za msimu ujao na ng'ombe wa maziwa.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ghala la baba yangu mdogo, jirani na mji wa Bweyale, liliungua kwa namna ambayo ingeweza kuzuilika. Radi ilipiga kwenye kofia ya paa saa kumi na moja jioni. Tulisikia mlipuko, tukatoka baada ya mvua kupungua, tukalizunguka ghala, hatukuona moto, tukarudi ndani kunywa chai. Saa sita usiku harufu ya moshi ilituamsha. Mmoja wetu aliufungua mlango kwa pupa ili aokoe magunia, hewa ikaingia, na rundo la magunzi lililokuwa likifuka kimyakimya tangu jioni likalipuka moto hadi kwenye kenchi. Kosa letu halikuwa uvivu. Hatukujua tu kwamba moto wa radi unaweza kukaa saa saba bila kuonekana.

Jinsi radi inavyowasha moto ghalani

Radi hutafuta njia ya kufika ardhini. Mkondo wake kwa kawaida hufikia ampea 30,000 hivi, na hewa inayopitiwa nao hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi kwa muda mfupi mno. Ikiwa njia ya kwenda chini ni waya mnene wa shaba au wa chuma uliozikwa vizuri, mkondo hupita bila kuleta hasara kubwa. Ikiwa njia ni nguzo ya mkaratusi, unyevu uliomo ndani ya mbao hugeuka mvuke papo hapo na kuipasua. Asubuhi ya pili nilikuta kwenye nguzo ya pembeni ya ghala letu mfereji mwembamba ulioshuka kutoka juu mpaka kwenye udongo, kana kwamba fundi alikuwa amepitisha patasi, na vichwa vya misumari ya paa juu yake vilikuwa vimegeuka vyeusi.

Watu wengi hudhani kwamba mabati huvuta radi. Mabati hayaivuti kuliko paa la nyasi lenye kimo kilekile, lakini yana matatizo mawili. La kwanza ni kwamba yamepigiliwa juu ya mbao na hayajaunganishwa na ardhi, hivyo mkondo ukishafika kwenye paa huruka kutafuta njia kupitia nguzo, waya wa taa, ukuta wenye unyevu au hata mtu aliyeegemea mlango. La pili ni wembamba wake. Mabati ya geji 28 au 30 hayafikii unene wa nusu milimita, na radi inaweza kuyatoboa tundu dogo na kudondosha matone ya chuma kilichoyeyuka juu ya nyasi kavu. Tundu hilo linaweza kuwa dogo kama punje ya harage, na kwa macho ya jioni ni vigumu kuliona.

Tena radi hazifanani. Kuna zile ambazo mkondo wake hukatika upesi, nazo hupasua mbao bila kuziwasha. Nyingine mkondo wake huendelea kutiririka kwa sehemu ya sekunde, na hizo ndizo ziwashazo. Hakuna anayeweza kutofautisha hizi mbili kwa kusikia mlio, na ndiyo maana kila ghala lililopigwa lazima lihesabiwe kuwa linaungua mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya kwanza: watu kabla ya mali, hata ngurumo zikiendelea

Radi ikishapiga boma, wa kwanza kutafutwa ni mwanadamu. Mwenye nyumba aite majina yote kwa sauti, akianza na watoto na wachungaji ambao huenda walijikinga kwenye zizi au chini ya mti. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, na kumgusa ni salama kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu katika vijiji vingi vya Uganda watu huogopa kumgusa mpaka tambiko lifanyike, wengine wakimtaja Kiwanuka, mungu wa radi katika mila za Buganda, na wengine wakishuku kwamba ametumiwa radi na adui. Kila mtu ana imani yake, lakini moyo uliosimama hausubiri tambiko.

Ikiwa waliopigwa ni wengi, anza na yule anayeonekana kama amekufa. Katika ajali nyingine tunafundishwa kuwahi wale wanaopumua, lakini kwa radi mambo hugeuka: anayelia na kupumua kwa kawaida ataishi, na aliyenyamaza anaweza kurudi akisaidiwa mara moja. Mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu hadi kifua kishuke sentimita 5 au 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mikandamizo 30 mpe pumzi 2 ikiwa unajua namna ya kufanya hivyo, na kama hujui endelea kukandamiza tu. Mpokezane kila baada ya dakika mbili, kwa maana kazi hii inachosha, huku mwingine akitafuta gari au bodaboda ya kwenda kituo cha afya. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, mafuta wala asali.

Wakati huohuo mtu mmoja, na awe mmoja aliyetajwa kwa jina ili kila mtu asidhani mwenzake amepiga, apige simu 999 au 112. Zimamoto nchini Uganda ni idara ya Polisi, na magari yake yapo katika miji zaidi kuliko vijijini. Kwa mkulima aliye kilomita 40 ndani ya barabara ya udongo wakati wa mvua, simu hiyo ipigwe bila kuchelewa, lakini mpango wa kuzima moto usijengwe juu ya gari ambalo huenda litafika alfajiri. Baada ya polisi, apigiwe mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), ambaye kwa ngoma, filimbi au kipaza sauti cha kanisa au msikiti anaweza kuleta majirani 30 kwa dakika 10.

Je, inafaa kutoka nje radi zikiwa bado zinapiga? Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, na ugawe kwa 3 upate kilomita. Hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukupiga wewe. Utaratibu wa kawaida ni kusubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa kuokoa mtu aliyeanguka, mimi ningetoka. Kwa kuokoa magunia, sitoki wala simruhusu mtoto wangu atoke. Kwa vyovyote, mtu asipande juu ya paa, asishike ngazi ya chuma, na asisimame karibu na uzio wa waya, kwani waya unaweza kubeba mkondo kutoka mbali.

Hatua ya pili: kukata umeme

Katika Kiswahili chetu tunaita umeme kile kinachomulika mawinguni na kile kinachowasha taa, na pengine kuchanganya huko ndiko kunakotufanya tusahau hatari ya pili wakati tunashughulikia ya kwanza. Radi inayopiga ghala lenye taa huunguza waya, na maji yakimwagwa juu ya waya wenye moto wa umeme yanaweza kumuua anayeyamwaga. Zima swichi kuu ikiwa iko mbali na ghala na mikono yako ni mikavu. Ikiwa waya wa nguzoni umeanguka, kila mtu akae angalau mita 10 kutoka hapo, na asiuguse kwa mti wala kwa mpini wa jembe mpaka mafundi wa shirika la umeme wauzime.

Sola ina tabia yake. Paneli huendelea kutoa umeme muda wote wa mchana hata baada ya kuzima inveta, kwa hiyo nyaya zinazoshuka kutoka paneli zisikatwe kwa panga wala kuguswa. Betri zikiwa ndani ya jengo linaloungua, moshi wake ni sumu na zinaweza kupasuka. Usizifuate.

Hatua ya tatu: kuzima au kuacha

Uamuzi huu hufanywa kwa kutazama moshi na paa. Moto ukiwa mdogo kuliko mtu, ukiwa mahali pamoja, na ukiwa na mlango wa kutokea nyuma yako, upige. Moshi ukiwa umeshuka hadi usawa wa kichwa ndani ya ghala, au kenchi zikiwa zimeshika moto, usiingie tena, hata kama baba analia kwa ajili ya mbegu zake. Kenchi za mbao huanguka bila kutoa onyo, na mabati yenye moto hushuka yakiwa na makali ya panga.

Usiufungue mlango kwa pupa kama tulivyofanya sisi. Gusa mlango kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa na joto, moto upo nyuma yake na unasubiri hewa. Panga kwanza maji na watu, ndipo ufungue kidogo ukiwa umechuchumaa pembeni mwa mlango, usisimame mbele yake.

Panga watu safu mbili kutoka kisimani au kwenye pipa: moja ya kupitisha ndoo zilizojaa na nyingine ya kurudisha zilizo tupu, ambayo hutosha kwa watoto wakubwa na kina mama wazee. Simameni upande unakotoka upepo. Maji yaelekezwe kwenye kiini cha moto, kwa sababu kumwagia ndimi zake za juu ni kupoteza. Wakati ghala lenyewe limeshindikana, maji yote yahamie kwenye majengo ya jirani, hasa yenye paa la nyasi: mtu mmoja akiwa na matawi mabichi na ndoo anaweza kuua cheche zinazodondoka humo, na huo ndio ushindi wa usiku ule.

Kabla ya yote hayo, uliza ghalani kuna nini. Madumu ya petroli ya pampu, mtungi wa gesi, mbolea ya naitrojeni na dawa za kunyunyizia mimea hubadilisha mambo kabisa. Moshi wa dawa hauvutwi, na maji yaliyopita juu ya dawa yasiachwe yatiririke kisimani. Kwenye shamba letu dawa zilikuwa zimewekwa juu ya mahindi, jambo ambalo si la busara hata siku isiyo na radi.

Hatua ya nne: mifugo

Fungua zizi lililo jirani mapema, kabla moshi haujawafikia wanyama. Ng'ombe aliyezoea zizi huliona kuwa ndiyo kwao, na akiogopa hurudi ndani ya moto ambako ametolewa. Kwa hiyo mtoe, msogeze mbali, kisha funga lango nyuma yake au weka mtu wa kulilinda. Mfunike macho kwa gunia lenye maji ikiwa anakataa kutoka, umshike pembe au kamba na kuongea naye kwa sauti uliyozoea kumwitia wakati wa kukamua. Mbuzi hufuata kiongozi, hivyo mkamate yule anayetangulia kila siku na wengine watakuja. Kuku wa ndani ya kibanda hawaokoki kwa kufunguliwa mlango tu, kwani usiku hawatoki, na lazima wabebwe.

Mnyama aliyevuta moshi anaweza kuonekana mzima kesho na kuanza kukohoa na kupumua kwa shida siku ya tatu. Afisa mifugo wa gombolola aitwe hata kwa wale wasio na kidonda. Akague chuchu za ng'ombe wa maziwa, kope na sehemu za juu ya kwato, kwa sababu huko ndiko majeraha ya moto huwaletea hasara ya kudumu.

Na hapa niseme jambo ambalo huua watu. Ng'ombe akikutwa amekufa chini ya mti au kando ya uzio baada ya usiku wa ngurumo, wenyeji huamua mara moja kwamba ni radi, wakamchinja na kugawana nyama. Mara nyingi ni radi kweli: wanyama kadhaa wamelala pamoja, majani yakiwa bado mdomoni, na alama za kuungua zinaonekana kwenye miguu au tumbo. Lakini kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, nacho huua ghafla, na Uganda imekuwa na milipuko yake mara kwa mara. Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma, mzoga usipasuliwe, usichunwe na usiburutwe. Funikeni, wekeni mlinzi wa kuzuia mbwa, na mwiteni daktari wa mifugo. Mzoga huzikwa kwenye shimo la mita 2 kwenda chini, mbali na kisima na kijito. Na hata pasipo dalili hizo, nyama ya mnyama aliyejifia hailiwi bila mkaguzi kuiona.

Hatua ya tano: zamu ya usiku

Sehemu hii ndiyo iliyotushinda, na ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha mwongozo wote. Ghala likishapigwa na radi, liwe limewaka au halijawaka, weka zamu ya watu wawili wawili kwa saa 24 za mwanzo. Kila nusu saa wazunguke wakitumia pua kabla ya macho: moshi wa magunzi yanayofuka una harufu tamu ya mahindi ya kuchoma, na moshi wa nyasi zilizolowa una harufu kali kama chai iliyoungua. Waguse kuta na nguzo kwa nyuma ya kiganja. Wamulike tochi kutoka chini kuelekea juu, kwa kuwa uzi mwembamba wa moshi huonekana vizuri kwenye mwanga unaopita katikati yake. Mchana, simama ndani ukiwa umefunga mlango, mwenzako akiushika nje, na utafute nukta za mwanga kwenye mabati: tundu jipya lenye kingo zilizoyeyuka hukuonyesha mahali pa kuanza kuchimba ndani ya rundo.

Ikiwa nyasi za mifugo zimeshika moto, kumwaga maji juu ya rundo hakuzimi chochote. Maji huteleza juu ya majani yaliyoshindiliwa, na katikati huendelea kuungua. Rundo au marobota lazima yabomolewe kwa uma na kutolewa nje kipande kwa kipande, kila kipande kikitandazwa mbali na majengo na kulowanishwa. Asipande mtu juu ya rundo linalofuka, kwani ndani linaweza kuwa limeshakuwa shimo la makaa. Kwetu tulitoa majivu siku ya pili, tukadhani kazi imekwisha, na siku ya tatu mtoto alipochimba kwa kijiti ili achome muhogo, makaa yalikuwa bado mekundu.

Hatua ya sita: mavuno yaliyobaki

Mahindi yaliyonusurika na moto bado hukabiliwa na maji ya kuzimia. Yaliyolowa yaanikwe siku hiyohiyo kwenye turubai, yageuzwe mara kwa mara, na yasirudishwe gunia mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 14, la sivyo kuvu huota na sumu yake haitoki kwa kupikwa. Yaliyonuka moshi kidogo yanaweza kulishwa mifugo ikiwa hayakuguswa na dawa wala plastiki iliyoyeyuka. Yaliyokaa karibu na dawa zilizoungua yatupwe, ingawa inauma.

Mbegu zina siri. Punje inaweza kuonekana nzima na kiini chake kikawa kimekufa kwa joto. Chukua punje 100 kutoka magunia mbalimbali, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali penye joto la kawaida na uzihesabu baada ya siku 7. Zikiota 85 au zaidi, panda. Zikiota 50, zipeleke mashineni zisagwe na utafute mbegu nyingine mapema kabla majirani hawajamaliza dukani.

Hatua ya saba: karatasi

Piga picha kabla ya kufagia. Andika orodha ya vilivyoungua ukiwa na shahidi asiye wa familia, pata barua ya mwenyekiti wa LC1, na uchukue taarifa ya polisi. Karatasi hizo ndizo hufungua mlango wa kamati ya maafa ya wilaya, ambayo hupeleka maombi ya msaada katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na ndizo benki au chama cha akiba hutaka ikiwa ulikuwa na mkopo. Kuhusu bima, serikali tangu 2016 imekuwa ikichangia sehemu ya ada ya bima ya kilimo, lakini soma mkataba kwa makini: bima ya mazao yaliyo shambani si lazima iguse mazao yaliyo ghalani, na neno la kutafuta humo ni "radi", pamoja na "moto".

Hatua ya nane: kujenga upya kwa kuipa radi njia

Kinga ya radi ina sehemu tatu, na ikikosekana moja zilizobaki hazina faida. Juu kuna fimbo ya chuma inayopokea radi, ikiwa imezidi kimo cha paa. Katikati kuna waya zinazoshuka, angalau mbili, kwenye pembe zinazotazamana. Chini kuna fimbo zilizozikwa ardhini. Waya za kushuka ziwe na unene wa milimita za mraba 50, ziwe zimenyooka, na pale zinapolazimika kupinda zipinde taratibu, kwani kwenye kona kali radi huruka na kuingia ndani ya jengo. Viungo vifungwe kwa vibanio vya boliti. Kusokota waya kwa koleo, kama mafundi wengi wafanyavyo, ni kutengeneza mahali pa cheche.

Shaba ni bora, lakini kila anayeishi hapa anajua kwamba shaba iliyo wazi haimalizi mwezi kabla ya kuibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kinga iliyokatwa nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Mimi nilishauri chuma kilichopakwa zinki, cha unene uleule, na mita mbili za chini zikaingizwa ndani ya bomba gumu la plastiki, ambalo pia huzuia mtoto au ndama asiuguse waya wakati wa mvua.

Fimbo za ardhini ziwe na urefu wa mita 2.4 hivi, zaidi ya moja kila upande, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wake, na zote ziunganishwe kwa waya unaozunguka ghala chini ya udongo kwa kina cha nusu mita. Lengo ni ukinzani, yaani kiasi ambacho ardhi huuzuia mkondo, usiozidi omu 10, nao hupimwa kwa kifaa maalumu, kwa hiyo usimlipe fundi wa umeme asiye na kipimo. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu hufikia lengo hilo kirahisi, na ule wa changarawe nyekundu huhitaji fimbo nyingi zaidi. Fimbo zikae mita 3 au zaidi kutoka mlangoni na kutoka mahali ng'ombe wanaponywea maji, kwa sababu mkondo ukishaingia ardhini husambaa, na ng'ombe ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana huupokea kuliko mtu.

Mabati, matangi ya chuma na fremu za paneli ziunganishwe na waya hizo za kushuka. Paa la nyasi lina masharti mengine: waya upite juu yake ukiwa umeinuliwa kwa vigingi sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye nyasi, au isimikwe nguzo ndefu pembeni yenye kinga yake yenyewe. Uzio wa waya usigusane na ghala. Kata waya wa uzio mahali fulani na uweke kipande cha mbao katikati yake, kisha zika nguzo za chuma kila baada ya mita 45 hivi zikiwa zimefungwa kwenye waya, ili mkondo ushuke kabla ya kulifikia kundi.

Ndani ya ghala, nyasi zikae chumba kimoja na nafaka kingine, na dawa na petroli zikae kwenye kibanda chao. Acha nafasi ya kupita mtu kati ya marundo na ukuta, ili zamu ya usiku iweze kugusa kila nguzo. Pipa la lita 200 likae nje ya mlango likiwa na ndoo zake, na ndoo hizo zitobolewe tundu dogo karibu na ukingo: hazitafaa kwenda kisimani kila asubuhi, lakini zitakuwepo siku ya moto.

Kila Februari, kabla ya mvua za Machi, baba yangu mdogo huchukua spana na kukaza boliti zote za waya kuanzia paani hadi chini, kisha humwita fundi apime omu. Mwaka jana kipimo kilisoma 14, wakaongeza fimbo moja upande wa magharibi, kikashuka hadi 8. Nguzo ile yenye mfereji hakuikata. Ameifanya kizingiti cha lango la zizi jipya, na wajukuu wake hupitisha kidole ndani ya ule mfereji kila jioni wanaporudisha ng'ombe.